Mke wa Mpasua Vigae

Ursule hakuzaliwa mwoga. Waliomjua akiwa msichana walisema alikuwa akiingia kinamasini peku kuokota kamba wa matopeni, mamba wakimtazama naye akiwatazama. Woga ulimwingia ukubwani, siku ya Ijumaa Kuu, mwaka ule New Orleans ilipoungua mara ya kwanza.

Mchana huo mshumaa ulishika pazia katika nyumba moja ya wakubwa, na upepo wa kusini ukafanya yaliyobaki. Kengele za kanisa hazikulia, kwa kuwa Ijumaa Kuu kengele hazilii, na watu wa mitaa ya nyuma walikuja kujua kuna moto walipouona umesimama mlangoni. Ursule na mama yake, Bi Marthe, walitoka wakiwa wameshikana mikono. Njia nzima mapaa ya mbao yalikuwa yakilia kama bisi sufuriani. Bi Marthe hakuungua hata unywele, ila alikunywa moshi. Wakalala kwenye mahema uwanja wa askari, wakala wali wa serikali, na mama akakohoa majira yote ya joto. Majani ya vuli yalipoanza kuanguka alikuwa keshazikwa.

Tangu hapo Ursule akawa na pua. Asubuhi aliuza kala, vitumbua vya wali vya moto moto alivyovibeba kichwani ndani ya kapu lililofunikwa kitambaa cheupe. Akipita mitaani wanunuzi walimsikia akiita, kisha katikati ya mwito wakamsikia amenyamaza. Hapo walijua amenusa kitu. Aliweka kapu chini, akaingia ua wa mtu asiyemjua, akamwaga maji juu ya jivu lililosahauliwa, akatoka.

"Ursule, leo umenusa nini?" jirani yake, mjane Clothilde Dugué, alikuwa akimuuliza kutoka kibarazani. "Sigara ya gavana?"

"Nimenusa jiko lako, Bi Clothilde. Umeacha kuni zimetokeza nje ya mafiga tena."

"Jiko langu lilikuwa linawaka kabla hujaota meno."

"Ndiyo maana nalihofia. Limezeeka kama mwenyewe."

Mjane alicheka, akaenda kuzisukuma kuni ndani. Kwa maneno hawakupatana kamwe, lakini siku isiyo na matusi yao ilionekana ndefu kwa wote wawili.

Shida kubwa ya Ursule haikuwa jiko la jirani. Ilikuwa kazi ya mumewe. Zénon Larroque, mtu huru asiye mtumwa kama yeye, alikuwa mpasua vigae vya mbao. Alinunua magogo ya saipresi kutoka kinamasini, akayakata vipande, akavipasua kwa kisu kizito na nyundo hadi vikawa vigae vyembamba vya kuezekea. Mji ulipoungua, kila mtu alitaka paa na alilitaka jana. Matofali yalikuwa adimu, lakini saipresi ilikuwa palepale nyuma ya mji. Zénon alifanya kazi mpaka viganja vikapasuka. Nusu ya mtaa wao ilikaa chini ya vigae vyake.

"Zénon," Ursule alimwambia siku moja wakati akimpaka mafuta viganjani, "sisi tunajenga nyumba au tunapanga kuni?"

"Tunajenga nyumba. Mvua hainingoji mimi nifikiri."

"Mvua imemuua nani?"

Zénon aliviangalia viganja vyake. Alikuwa mtu mpole, asiyependa ugomvi, na alijua jina ambalo mkewe hakulitaja. Baadaye tu alisema, kama anayejisemea, kwamba saipresi haiozi wala haitobolewi na wadudu, na kwamba baba yake aliifanya kazi hiyohiyo na hakuna aliyewahi kumlaumu.

Wakapata binti, Ludivine. Hofu ya Ursule sasa ikapata mtu wa kumkalia. Alimkataza mtoto kucheza katika nyua zenye nyasi za farasi. Alimkataza kuokota makaa, kushika mshumaa, kusimama upande ambao upepo unatoka jikoni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, walisema majirani, wakamsamehe. Wengine hawakumsamehe, wakamwita Mama Majivu.

Ikafika Desemba, siku ya sikukuu ya Bikira Maria, miaka sita na ushei tangu ule moto wa kwanza. Upepo wa kaskazini ulikuwa mkavu na wenye kuuma. Ursule alishindwa kula tangu asubuhi. Alifunga jiko lake mapema, akazima hata lile kaa la kuwashia kesho, akamwambia mumewe kuwa hajisikii vizuri.

"Umekula nini?" Zénon akauliza.

"Sijala kitu. Sikia huo upepo."

"Upepo wa kila Desemba."

Mchana, watoto waliokuwa wakicheza kwenye ua mmoja wa Mtaa wa Royal walichokoza moto karibu na ghala la nyasi. Safari hii kengele zililia. Ursule alipozisikia hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwili wake wote ulikuwa kama uliokuwa ukingoja kuitwa. Aligeuka kumtafuta Ludivine. Mtoto hakuwepo.

"Alikuwa hapa," akasema. "Zénon, alikuwa hapa mlangoni na mwanasesere wake."

"Nenda kwa Clothilde, atakuwa kule anakula jamu. Mimi napanda juu."

Alikimbia kwa Clothilde. Mjane alikuwa amesimama sebuleni na nguo zake za kanisani, akikunja vitambaa vya meza kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari ya kesho. Hapana, hakumwona mtoto tangu asubuhi. Ursule alichungulia chini ya kitanda, nyuma ya pipa, ndani ya kabati. Aliporudi nje, vijinga vya moto vilikuwa vikipita angani juu ya mtaa, vyekundu, bila haraka, na kila kimoja kilikuwa kipande cha kigae.

Juu ya paa la nyumba yao Zénon alikuwa amepiga magoti na kishoka chake, akibandua vigae na kuvitupa uani. Alitaka kuacha pengo ambapo moto ungekosa njia. Alipomaliza upande mmoja alirukia paa la Clothilde, lililogusana na lake. Hapo mjane akatoka.

"We Zénon, unafanya nini?"

"Navunja, Bi Clothilde. Likishika lako, unaungua mtaa mzima."

"Paa hilo umelipanga mwenyewe. Uliniapia kwamba litanizika."

"Ndilo ninaloogopa, mama yangu. Toka hapo chini."

"Sitoki. Shuka kwenye nyumba yangu."

Ursule alimshika mjane kiunoni, akamvuta barabarani na vitambaa vyake mkononi. Clothilde alimpiga kwa viwiko, akamwita mwizi na mtoto wa mwizi, kisha ghafla akalegea na kulia begani kwake. Ursule alikuwa akimsikia na hamsikii. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu wote waliokuwa wakikimbilia mtoni, akitafuta kilemba kidogo cha buluu cha Ludivine.

Zénon alivunja kadiri mikono ilivyomwezesha. Haikutosha. Kijinga kimoja kilitua kwenye banda la kuni la Clothilde, na moto ukapanda kutoka chini, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Aliruka kutoka kwenye paa, akaumia kifundo cha mguu, akaburutwa na mwashi mmoja aliyekuwa akipita, kijana mrefu aitwaye Hilaire. Nyumba ya Larroque ilikwisha. Ya Clothilde ilibaki kuta tatu za chini. Lakini nyumba zilizofuata baada ya pengo zilisalimika, na mpaka leo wenye nyumba hizo hubishana kama ni pengo au ni upepo uliogeuka.

Ludivine alipatikana jua likielekea kuzama, kwenye tuta la mto, katikati ya masanduku na vitanda na watu waliokaa juu ya mali zao kama kuku. Alikuwa amekaa mapajani mwa mwanamke mmoja muuza mboga, anakula karoti. Aliposikia kengele alikimbilia majini, kama mama yake alivyomfundisha siku zote.

"Uliniambia moto ukija niende mtoni," mtoto alisema. "Nikaja. Wewe ulichelewa."

Ursule alikaa chini kwenye tope na hakuweza kusimama kwa muda mrefu. Muuza mboga alidhani ameumia, akampa maji.

Krismasi ile walisali ndani ya kanisa jipya, ambalo moto ulikuwa umelipita kando likiwa halijamalizika vizuri. Chokaa ilikuwa bado mbichi, kuta zikitoa baridi. Padri alihubiri juu ya rehema. Ursule alitazama dari. Zénon, mkongojo mapajani, alitazama sakafu, kwa sababu kwenye mahema walikolala tena watu walikuwa wameanza kusema. Hawakusema kwa ubaya. Walisema tu, akipita, "Yule ndiye aliyetuezeka."

Kisha zikaja habari kutoka baraza la mji. Katikati ya mji hakuna tena paa la mbao. Mwenye kujenga ajenge kwa matofali, au kwa nguzo zilizojazwa matofali na kupigwa lipu juu yake, na paa liwe la vigae vya udongo au la sakafu bapa ya matofali na chokaa. Nyumba zisimame ukingoni mwa barabara, ukuta kwa ukuta. Kwa wengi ilikuwa taabu. Kwa Zénon ilikuwa kama kuambiwa lugha yake haizungumzwi tena.

Rundo lake la vigae, lililokuwa likikaushwa nje ya mji, lilikuwa zima. Alikwenda kulitazama kila siku kama mtu anayemtembelea mgonjwa. Na huko ndiko alikokutwa na Don Fermín, mfanyabiashara wa ngozi, aliyetaka ghala lake liezekwe upesi kwa vigae hivyo, kabla wakaguzi hawajaanza kupita.

Zénon hakumwambia mkewe. Alisema anakwenda kusaidia kubeba vifusi. Jioni alirudi, akakaa kando yake mbele ya hema, na Ursule akanyanyua kichwa.

"Unanukia saipresi," akasema.

"Nilikuwa kule kwenye rundo."

"Hii ni ya kupigiliwa. Ina kutu ya misumari." Akamgeukia. "Umemwezekea nani?"

Akamwambia. Alimwambia yote, pamoja na kwamba ghala lilikuwa la kuhifadhia ngozi na mafuta, na kwamba nyuma yake kulikuwa na vyumba ambamo familia zilizounguliwa zimejibana. Alisema mtoto anahitaji viatu na mahema yana kikohozi. Alisema, "Mimi sijui kazi nyingine, Ursule. Nina mikono hii tu."

Ursule hakumgombeza. Usingizi ulimkataa, na kulipokucha alikaanga kala kwenye jiko la kuazima. Kisha, badala ya kuzunguka mitaani, alimshika Ludivine mkono, akaenda moja kwa moja kwenye ghala la Don Fermín. Zénon alikuwa juu, misumari mdomoni. Ursule alitandika mkeka chini ya ukuta, akaweka kapu, akamkalisha mtoto kando yake.

"Unafanya nini hapo?" Zénon akauliza.

"Nauza kala."

"Hapa hakuna wanunuzi."

"Watakuja. Nitakaa hapahapa kila siku, mimi na mwanao. Hili paa lako likishika moto nataka ujue chini yake kuna nani. Wale wa vyumba vya nyuma huwajui kwa majina, nimeona hawatoshi kukuzuia."

Mafundi wengine waliacha kugonga. Mmoja alicheka, kisha akaacha. Zénon alibaki pale juu akitazama kilemba cha buluu cha bintiye. Ursule hakuwa na hakika kabisa na mumewe. Alikuwa akiwaza, je, akipigilia msumari unaofuata, mimi nitarudije nyumbani na mtu huyu?

Zénon alitema misumari kiganjani, akashuka ngazi kwa mguu wake mbovu.

Don Fermín alitoka ghalani. Alimwita mvivu na mtu wa kuongozwa na sketi, akasema hatapata kazi kwa mtu yeyote wa maana katika mji huu. Hilo la mwisho halikuwa mbali na kweli. Majira yote ya baridi Zénon alibeba vifusi kweli, na vigae vyake akaviuza nje ya mji kwa wafugaji, kidogo kidogo. Ghala likaezekwa na mtu mwingine. Wakaguzi walilipita mara ya kwanza bila kuangalia juu, mara ya pili wakaamuru paa livunjwe.

Aliyemwokoa Zénon ni yule mwashi, Hilaire Pascalis, aliyemburuta siku ya moto. Kazi zilikuwa zimemzidi. Alimwendea hemani mwenyewe.

"Fundi Larroque, nahitaji mtu anayejua maji yanavyokwenda juu ya nyumba."

"Mimi ni mtu wa mbao."

"Maji hayaulizi. Njoo."

Alianza chini kabisa, kukoroga chokaa, yeye ambaye wenzake walikuwa wakimwita fundi kabla Hilaire hajabalehe. Jioni alirudi mweupe mpaka kope.

"Leo nimeambiwa naushika mwiko kama kijiko cha supu," alimwambia mkewe.

"Na unaushika hivyo?"

"Ndiyo," akasema kwa huzuni, na wote wawili wakacheka, mara ya kwanza tangu Desemba.

Nyumba ya kwanza aliyoachiwa kuipaua ilikuwa ya Clothilde. Mjane alitaka Zénon na si mwingine, ili, kama alivyosema, awe na mtu wa kumlaani anayemjua kwa jina. Kuta zilipanda nene, tao juu ya kila mlango, na juu yake paa bapa la matofali na chokaa, lisilo na hata kipande cha mbao kinachotazama angani. Kwa kuwa vyumba vilikuwa vingi na mjane alikuwa peke yake, aliwakaribisha Larroque wakae upande wa ua.

Ungedhani Ursule angepumua. Siku ya kuhamia alisimama mlangoni akitazama juu.

"Zito kiasi gani?" akauliza.

"Zito," Zénon akasema.

"Boriti zitabeba?"

"Hilaire anasema zitabeba."

"Wewe unasemaje?"

Zénon alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya tena. "Mimi nitalala chini yake," akasema.

Kwa hiyo hofu ilibadilisha tu makazi. Aliacha kunusa akaanza kusikiliza. Boriti ikitoa mlio mdogo kwa joto la adhuhuri, Ursule alimtoa Ludivine uani. Clothilde alimwambia kuwa amehama kutoka kuogopa moto wa Jehanamu mpaka kuogopa kuangukiwa na mbingu, na kwamba hakuna nyumba ambayo Mungu angemjengea akaridhika.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja alasiri moja ya Juni, mto na anga vikawa rangi moja. Walikaa wote sebuleni kwa mjane. Radi ilipasuka mahali karibu sana, kuta zikaitika, na Ursule akamfunika mtoto kwa mwili wake. Paa halikusogea. Lakini baada ya kitambo tone moja lilianguka mezani, halafu la pili, halafu uzi mwembamba wa maji ukashuka kutoka pembeni ya dari, moja kwa moja kwenye kitambaa cha Clothilde.

Zénon alifunika uso kwa mikono yake. "Linavuja," akasema. "Katika maisha yangu sijawahi kuezeka paa likavuja."

Clothilde alitazama kitambaa chake kinavyolowa, akafungua mdomo aseme neno, na kila mtu akajiandaa kwa laana. Ursule alimtangulia. Alikuwa ameunyoosha mkono wake chini ya ule uzi wa maji. Yalikuwa ya baridi, yenye harufu ya chokaa.

"Liache livuje," akasema.

"Ursule, maji yataingia ukutani."

"Utaziba kesho. Leo liache. Mvua imemuua nani?"

Alikaa vile mpaka mkono ukafa ganzi, huku Ludivine akimuuliza kwa nini analia na yeye akijibu kuwa halii. Mvua ilipokatika, Zénon alichukua mwiko na ndoo ya chokaa akapanda juu kutazama ufa uko wapi. Clothilde alimfuata hadi chini ya ngazi, akimwelekeza kwa sauti mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kupaona.